Maswali ya Wasomaji: Ulinzi Shirikishi, Nani Ashiriki na Nani Alinde?

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi kwamba ulinzi shirikishi, ambao Jeshi la Polisi Tanzania huuita pia polisi jamii, ni utaratibu wa wananchi na polisi kukaa pamoja, wakatambua kero za usalama za mahali wanapoishi na kupanga namna ya kuzikabili, badala ya polisi kungoja simu ya tukio lililokwisha kutokea. Nilidhani nimeandika jambo lisilo na ubishi. Barua zilizofuata zimenitoa katika dhana hiyo. Nimechagua tano, nimezifupisha, na nimeacha majina yote kwa sababu ambayo msomaji ataiona mwenyewe katika barua ya pili. Kwa wasionifahamu, niliwahi kuwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa kwa miaka sita, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu mwenyewe.

Shikamoo mzee wetu. Mtaani kwetu kila kaya inatozwa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa ajili ya vijana wa ulinzi shirikishi. Mimi ni mjane na ni mpangaji, na mwezi uliopita nilikosa. Vijana walikuja saa tatu usiku, wakachukua feni yangu, wakasema nitaikomboa nikilipa. Je, wana haki hiyo? Na je, ni kweli kwamba asiyechangia anahesabiwa kuwa mshirika wa wezi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Feni yako irudishwe. Kijana wa ulinzi shirikishi hana mamlaka ya kukamata mali ya mtu kwa deni la mchango, hata kama mchango wenyewe ni halali, kwa kuwa mali ya mdaiwa hukamatwa kwa amri ya mahakama. Aliyeingia chumbani kwako usiku akatoka na feni bila ridhaa yako anakaribia mno kosa lile lile alilopewa filimbi ili alizuie. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, usiende kwa vijana, na ukiona anakwepa, mwandikie mtendaji wa kata barua na ubaki na nakala.

Ama mchango wenyewe, hapa pana tofauti ambayo wengi hawaijui. Kijijini, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaijadili na wananchi kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuipeleka halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe, na hapo mchango wa ulinzi unaweza kuwa wa lazima. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo, kwani sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Kwa hiyo kinachoitwa lazima katika mitaa yetu mara nyingi ni makubaliano ya mkutano, na makubaliano ya mkutano yana uzito wa aibu na ujirani, hayana uzito wa pingu. Kukosa shilingi 3,000 hakumfanyi mtu kuwa mshirika wa wezi, na kiongozi anayesema hivyo anaua kitu kile kile anachotaka kukijenga.

Nakiri kwamba nasi tuliwahi kusema hivyo. Mwaka wangu wa pili nikiwa katibu, michango ilishuka mpaka tukakosa hela ya betri za tochi, na mwenyekiti akatangaza kwa kipaza sauti majina ya kaya zisizolipa. Mwezi uliofuata ikashuka zaidi. Tulipokaa chini tukagundua kwamba watu hawakuwa wameishiwa, bali hawakuwa wamewahi kuona risiti hata moja. Tukanunua kitabu cha stakabadhi, tukaandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila kilichoingia na kila kilichotoka (makoti ya mvua, filimbi, posho, chai na vitumbua vya vijana), na hata ile hela ambayo kwa siri tulikuwa tukiitoa kwa ajili ya mafuta ya gari la polisi tukaiandika. Mstari huo wa mafuta ulizua kelele kubwa mkutanoni, na ilistahili, kwa kuwa mwananchi aliyekwisha kulipa kodi hapaswi kulinunulia mafuta gari linalokuja kumkamata mwizi wake. Lakini baada ya kelele, watu walilipa.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako inaligusa bila kulitaja. Vijana hao waliokuja kwako ni akina nani? Katika mitaa mingi lindo hufanywa na vijana wasio na ajira, ambao kwa miezi kadhaa huijua kila kona, kila kufuli na kila nyumba ambayo mwenyewe amesafiri, halafu posho inakatika. Majina yao yapelekwe kituo cha polisi wachujwe, wapewe mafunzo na vitambulisho, na wasiwe ndio wanaokusanya fedha. Anayelinda akiwa ndiye anayedai, mwananchi hatajua akisikia hodi kama ni ulinzi umekuja au ni deni.

Mwaka jana nilitoa taarifa kituoni kuhusu nyumba ya jirani inayouza bangi. Hazikupita siku mbili, kijana wa nyumba ile akanisimamisha sokoni na kunirudishia maneno yangu, neno kwa neno. Tangu siku hiyo nimefunga mdomo. Mnapotuambia tushirikiane na polisi, mnatuambia tufe? (Msomaji wa Mwanza)

Ndugu yangu, barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na sitakujibu kwa kukulaumu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka kila anayejua kwamba kosa limetendwa au linakusudiwa kutendwa amjulishe polisi au kiongozi wa eneo lake. Sheria ya Ushahidi nayo inamkinga polisi asilazimishwe kutaja alikoipata taarifa ya kosa, na tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Kwa maandishi, basi, uko salama. Tatizo lako halikutokea kwenye maandishi, lilitokea kaunta.

Tuitazame kaunta hiyo. Unaingia, unakuta benchi limejaa: mama aliyeibiwa simu, kijana wa bodaboda anayesubiri pikipiki yake, ndugu wawili wanaogombea mpaka wa kiwanja. Askari aliye zamu anakuuliza shida yako kwa sauti ile ile anayowauliza wote. Unaanza kunong'ona, anakwambia sema usikike. Jina lako, mtaa wako na namba yako ya simu vinaandikwa kwenye kitabu kinacholala wazi mezani. Usiku gari la polisi linafika mtaani kwenu, na kwa kuwa nyumba hazina namba, askari anamwita mtoto aliyetumwa mkaa na kumuuliza, "Nyumba ya mzee aliyetupigia simu ni ipi?" Hapo hahitajiki hata askari mla rushwa, ingawa naye yupo. Siri imekwisha kuvuja kwa uzembe tu.

Ndiyo maana siamini sana maneno ya wale wanaosema kikwazo cha ulinzi shirikishi ni wananchi kukosa mwamko. Mwananchi ana mwamko wa kutosha, lakini amefanya hesabu yake: akinyamaza anapoteza kuku au simu, akisema anaweza kupoteza zaidi. Hesabu hiyo haibadiliki kwa semina wala kwa fulana zenye maandishi ya utii wa sheria bila shuruti. Itabadilika siku atakapoona kwamba waliosema kabla yake hawakudhurika.

Kwa upande wako, zingatia tofauti moja. Mtoa taarifa si lazima awe shahidi. Anayesema "angalieni nyumba ile usiku wa manane" amewapa polisi pa kuanzia, nao wakienda na kukuta bidhaa, ushahidi ni kile walichokikuta, na jina lake halina kazi mahakamani. Anayesema "nilimwona fulani akiuza" amejitoa kuwa shahidi, na shahidi siku moja atasimama kizimbani akitazamana na mshtakiwa. Sema lile la kwanza ukiweza, tena uliseme kwa mkaguzi wa kata (afisa wa polisi aliyepangiwa kata yenu) au kwa mkuu wa polisi wa wilaya mkiwa wawili, au kwa simu, bila kutaja unapokaa. Ukitishwa, kitisho chenyewe ni kosa jipya, nalo usilipeleke kwenye kaunta ile ile iliyokuvujisha, lipeleke ngazi ya juu yake.

Nimeongeza jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu barua nyingine saba zimelilalamikia: mtuhumiwa kukamatwa jioni na kuonekana kijiweni asubuhi. Wakati mwingine ni rushwa, hilo sitalificha. Lakini mara nyingi ni dhamana, ambayo kwa makosa mengi ni haki ya mtuhumiwa, na polisi hawaruhusiwi kumweka mtu mahabusu zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana. Kosa la polisi hapo ni kunyamaza. Hawarudi kwa aliyetoa taarifa kumwambia kesi imefika wapi, mtuhumiwa ametoka kwa masharti gani, na atarudi lini. Aliyeachwa bila mrejesho hulijaza pengo hilo mwenyewe, na atakacholijazia ni dhana ya rushwa.

Mimi ni mzee wa Kahama. Sisi tulikuwa na sungusungu kabla hamjaanza semina zenu, na ng'ombe walilala salama. Polisi jamii si sungusungu waliovikwa jina jipya? (Msomaji wa Shinyanga)

Shikamoo, mzee. Hapana, ingawa ni ndugu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wakati wizi wa mifugo ulipokithiri na silaha zilipozagaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na walianza kwa sababu wananchi walikuwa wamekata tamaa na polisi na mahakama. Serikali iliwakuta wakiwa kazini, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili walinzi wa jadi watambulike na kuwa na uwezo wa kukamata. Polisi jamii ilikwenda njia ya pili: ilitoka makao makuu kuja kwetu, kama sehemu ya maboresho ya Jeshi la Polisi yaliyoanza mwaka 2006 wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema.

Nguvu ya sungusungu ilikuwa kwamba ni yenu. Aliyekaidi mwano, yaani ukelele wa kuwaita watu wote watoke, hakupelekwa popote, alitengwa: haombi moto, hanywi pombe na wenzake, hasaidiwi msibani. Udhaifu ulikuwa hapo hapo, kwani chombo kisicho na wa kukiuliza kilipiga watu, kilitoza faini za kupanga, na katika baadhi ya vijiji kiliwaandama vikongwe wenye macho mekundu kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya leo iko wazi kwamba raia anaweza kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata ni kazi yake, kumhukumu si kazi yake. Magazeti yetu yamezoea kuandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ni kabila. Waliochoma mtu moto ni wauaji, na katika mtaa wenye ulinzi shirikishi unaofanya kazi, mlinzi anapaswa kuwa yule anayesimama kati ya kibaka na mawe.

Sisi Kenya tuliletewa Nyumba Kumi kutoka kwenu. Ninaishi ghorofa ya nne, na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Mzee wa mtaa alikuja mara moja kuandika majina, hakurudi. Kwa nini kitu kilichowafaa Watanzania kimetushinda? (Msomaji wa Mombasa)

Ndugu msomaji, kwanza niseme kwamba hata kwetu hakikufaa kwa kiasi unachodhani. Nyumba kumi za Tanzania zilianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 kama mashina ya chama, na balozi wa nyumba kumi alisuluhisha ndoa, aliandika wageni na kugawa sukari enzi za uhaba. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa wa chama kimoja, huku watu wakiendelea kumwendea kwa mazoea. Mwenye kadi ya chama kingine anajiuliza, na ana haki ya kujiuliza, kama anayoyasema kwa balozi huyo kuhusu usalama yanaishia kwa polisi au yanapitia kwanza ofisi ya chama. Uenyekiti wa mtaa nao hupatikana kwa tiketi ya chama. Siasa ni kikwazo ambacho polisi wetu hawapendi kukitaja, lakini kila aliyewahi kuitisha mkutano wa ulinzi karibu na uchaguzi anakijua.

Ninyi mliletewa mpango huo kwa nguvu baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la tarehe 21 Septemba 2013, ambamo watu 67 waliuawa, na ulikuja na sura ya kuwasaka magaidi. Mtu akiambiwa amchunguze jirani kabla hajaambiwa amsalimie, hufunga mlango. Tena mnayo mambo mawili yanayokanyagana: Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inazungumzia kamati za polisi na jamii, ilhali Nyumba Kumi imekwenda kupitia kwa chifu na naibu wake. Mwananchi akiwa na neno hajui alipeleke kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, au kwa chifu, nao wenyewe wawili hawasemezani kila siku.

Kwenye ghorofa, achana na hesabu ya nyumba kumi. Anzeni na kitu mnachotumia pamoja: lango, tangi la maji, taa ya ngazi, mlinzi mnayemlipa. Wapangaji wa jengo moja wakikutana kwa sababu ya taa ya ngazi iliyoungua, wamekwisha kufanya kazi ya ulinzi bila kuiita ulinzi, kwa kuwa wakabaji hupenda ngazi zenye giza. Mzee wa mtaa atawakuta mnajuana.

Mimi ni askari, naomba jina na mkoa visitajwe. Ni mkaguzi wa kata. Nina pikipiki moja na mafuta ya kuhesabu, kata yangu ina vijiji vinne. Nikiitisha mkutano wanakuja wazee wale wale wanane. Vijana hawaji, wanawake wanakaa nyuma kimya. Waandishi mnatuandika vibaya, lakini hamtuambii tufanye nini.

Afande, asante kwa kuandika, na lawama yako ni ya haki. Baadhi ya vikwazo vyako huwezi kuviondoa wewe, na ni vyema wasomaji wavijue. Mkaguzi anapoanza kufahamika, na watoto wakaanza kumwita kwa jina, barua ya uhamisho inafika, na anayekuja anaanza kwenye wale wazee wanane. Kazi yako pia ni ngumu kuhesabika: aliyekamata watuhumiwa 20 ana cha kuandika kwenye ripoti, lakini ugomvi wa mpaka wa shamba uliouzima kabla panga halijatoka hauna safu yake. Tena umelelewa katika chombo kinachoitwa jeshi na kinachomwita mwananchi raia, kama mtu wa upande wa pili. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake mwaka 2023, ilipendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya ili liwe chombo cha kuhudumia. Hayo yako juu ya cheo chako.

Yaliyo ndani ya uwezo wako ni haya. Vijana hawaji mkutanoni kwa sababu saa nne asubuhi wako kazini au wanatafuta kazi, na kwa sababu mara ya mwisho walipomwona askari alikuwa akiwakimbiza kijiweni. Uende wewe kijiweni. Kaa nao kwenye benchi la bodaboda bila kukagua leseni siku hiyo, kunywa kahawa yako, uliza ni barabara gani wanaiogopa usiku na kwa nini. Madereva wa bodaboda wanajua ramani ya uhalifu wa kata kuliko kitabu chochote cha kituo, kwa kuwa wao ndio wanaokabwa kwanza.

Wanawake wanaokaa nyuma hawako kimya kwa kukosa la kusema. Mkutano wako unazungumzia doria na wezi wa usiku, ilhali anayewapiga ana ufunguo wa mlango. Mlete askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto, akutane nao peke yao, kisimani, kwenye kikundi cha vikoba au baada ya kliniki ya watoto, na usiketi hapo. Utashangaa orodha ya kero za usalama itakavyobadilika, huenda hata lindo la usiku lisiwe la kwanza.

La mwisho nililiona kwa mkaguzi mmoja niliyefanya naye kazi, mtu mkali kidogo, asiye na maneno matamu. Alikuwa na daftari la kurasa 96 alilolifunika kwa gazeti. Kila mkutano alianza kwa kulisoma: "Mwezi uliopita mlinipa mambo matano. La kwanza, taa ya barabarani, imefungwa. La pili, kilabu kinachopiga muziki hadi alfajiri, mwenyewe amepewa onyo na barua hii hapa. La tatu, wale vijana wa pagale, tumelifanyia msako, mwenye nyumba ameahidi kuweka milango mwezi huu. La nne, baiskeli ya mzee wa duka, sijaipata. Nimefika kwenye magulio mawili, sijaipata. La tano ni la halmashauri, nimelipeleka na sijajibiwa." Kisha alifunga daftari na kuuliza mapya. Mara ya kwanza aliposoma tulikuwa watu kumi na mmoja. Baiskeli ile haikupatikana hata baadaye, lakini katika mkutano uliofuata mwenye duka alifika wa kwanza, akiwa amewaleta wanawe wawili.